"Moyo Ulimwambia": Kuusikiliza Mwili kama Suala la Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yamezuka kutokana na swali ambalo mwandishi wake aliulizwa darasani na akashindwa kulijibu. Tulikuwa katika semina ya wanafunzi wa uzamili, tukichambua matumizi ya lugha katika riwaya ya Kiswahili. Kama ilivyo ada, orodha ya tamathali za usemi ilikuwa imeandikwa ubaoni, na chini ya tashihisi tulikuwa tumekusanya semi kama vile "moyo ulimwambia", "roho ilimsuta", "miguu ilikataa kwenda" na "tumbo lilimkata". Mwanafunzi mmoja akainua mkono na kuuliza: ikiwa semi hizi ni tashihisi, je, ni lini Mswahili huzungumza habari za mwili wake bila ya kutumia tashihisi? Akaongeza kwamba usiku uliotangulia tumbo lilikuwa limemuuma. Na kwa kadiri alivyojua yeye, ni tumbo lililomuuma, si yeye aliyeliuma tumbo. Darasa liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akafuta ubao, akaendelea na sitiari.

Kicheko kile hakikuwa jibu. Kwa muda mrefu tumewafunza wanafunzi wetu, tangu shule za upili hadi chuo kikuu, kuzitazama kauli za mwili kama mapambo ya lugha. Kauli ikishatambuliwa na kupewa jina lake katika orodha ya tamathali, kazi ya mhakiki huchukuliwa kuwa imekwisha. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo yametufanya tuyapite kwa haraka baadhi ya mambo mazito kabisa katika fasihi yetu. Hoja yetu ni kwamba katika kazi zilizo bora, mwili wa mhusika hujua jambo kabla mhusika mwenyewe hajalijua, na hatima yake hutegemea kama atatua na kuusikiliza au ataupuuza. Kwa hiyo swali linalomfaa mhakiki si "Hii ni tamathali gani?" tu, bali pia: "Mwili umesema, ni nani aliyesikiliza, na alisikiliza lini?"

Tutaanza na ushahidi wa lugha yenyewe, kisha tutaigusa kwa ufupi nadharia ya mihemko. Baada ya hapo tutazichunguza kazi za Euphrase Kezilahabi na Abdilatif Abdalla, tuzijibu pingamizi tunazozitarajia, na hatimaye tutoe mapendekezo.

Kusikia na Kusikiliza: Ushahidi wa Lugha

Kitenzi "kusikia" kina upana ambao wasemaji wa Kiswahili hawaustaajabii kwa sababu wamezaliwa nao. Mtu husikia sauti kwa sikio, lakini pia husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu, husikia uchungu na husikia haya. Yaani Kiswahili hakikuweka ukuta kati ya sauti itokayo nje na hali itokayo ndani. Zote mbili humfikia mtu kwa mlango mmoja wa kitenzi. Kutokana na kitenzi hicho tunapata "kusikiliza", ambapo mnyambuliko huongeza kusudi na utulivu. Kelele husikika hata na asiyezitaka, ilhali kusikiliza ni tendo la hiari. Aliye na njaa huisikia atake asitake; lakini aliye na huzuni isiyo na jina hana budi kuisikiliza ndipo ajue ni huzuni ya nini. Na wanaoelewana tunasema kuwa "wanasikilizana". Lugha hii basi inatupa ngazi tatu: kusikia, kusikiliza, na kusikilizana. Si vigumu kuona kwamba mtu anaweza kuzipanda ngazi hizo pamoja na mwenzake, na vilevile pamoja na nafsi yake.

Jambo la pili ni la kisarufi. Tunaposema "kichwa kinaniuma", "moyo unanidunda" au "mwili unanisisimka", kiungo ndicho kiima, na mwenye mwili amekaa katika nafasi ya mtendwa. Hali ni hiyo hiyo tunapotaja mihemko: hasira humpanda mtu, hofu humwingia, huzuni humjaa, usingizi humshika. Hatudai kwamba sarufi ni falsafa, wala kwamba kila asemaye "hasira zimenipanda" amepitisha uamuzi kuhusu asili ya hasira. Tunachodai ni kidogo zaidi, nacho ni kwamba muundo huu unaacha nafasi kati ya mtu na kile anachokisikia. Pana anayetenda na pana anayetendwa. Na penye wawili, mazungumzo yanawezekana. Mwanafunzi wetu alikuwa amesema kweli. Sarufi ya kawaida ya Kiswahili tayari imeupa mwili ulimi, na mwandishi anayeandika "moyo ulimwambia" amekwenda hatua moja tu mbele katika njia ambayo lugha ilikwisha kuifyeka.

Jambo la tatu ni msamiati. Kiswahili kimezigawa hisia katika viungo kwa utaratibu: kinyongo hukaa mahali pa nyongo, na jambo linalochukiza humtumbukia mtu nyongo, habari mbaya hukata maini, wasiwasi humtia mtu tumbo joto, kilio kilichozuiwa hukaa kooni kama donge. Mwaka 2014 kundi la watafiti lililoongozwa na Lauri Nummenmaa wa Ufini lilichapisha ramani za mwili zilizochorwa na watu 701 kutoka Ufini, Uswidi na Taiwan, ambao walitakiwa kupaka rangi mahali walipohisi kila mhemko. Ramani za watu wa mataifa hayo zilifanana kwa kiasi kikubwa. Nasi tunayo ramani yetu, ambayo haikuchorwa kwa rangi bali kwa nahau, na imekuwa ikitumika kwa vizazi vingi bila ya kuhitaji maabara. Katika ramani hiyo kuna usemi mmoja unaostahili kuzingatiwa zaidi, nao ni "kuchezwa na machale". Aliyechezwa na machale amejua jambo bila ya kujua alivyolijua. Mwili wake umetangulia na akili inafuata nyuma.

Nadharia na Mipaka Yake

Mnamo 1884 mwanasaikolojia Mmarekani William James alitoa hoja iliyopindua mawazo ya kawaida. Tumezoea kudhani kwamba tunaona hatari, tunaogopa, kisha mwili unatetemeka. James alisema kwamba mwili hutikisika kwanza, na hofu ni kuhisi mtikisiko huo. Mwaka uliofuata Carl Lange wa Denmark alitoa rai iliyokaribiana na hiyo. Mwaka 1927 Walter Cannon aliipinga nadharia hiyo kwa hoja nzito: mabadiliko ya mwili hufanana mno katika mihemko iliyo tofauti. Moyo hudunda kwa hofu, hudunda kwa hasira, hudunda kwa mapenzi. Mwili peke yake utawezaje kutuambia ni lipi kati ya haya?

Kwa mhakiki wa fasihi, pingamizi la Cannon ni neema. Ikiwa mwili husema kwamba lipo jambo bila ya kusema ni jambo gani, basi kati ya hisi na maarifa kuna pengo, na pengo hilo huzibwa na lugha. Hapo ndipo fasihi inapopata kazi. Eugene Gendlin, aliyezaliwa Vienna mwaka 1926 na kufanya kazi pamoja na Carl Rogers katika Chuo Kikuu cha Chicago, alilifanya pengo hilo kuwa kiini cha utafiti wake. Alieleza kuwa watu waliofaidika na tiba ya mazungumzo ni wale waliokuwa wakisita katikati ya maneno yao, wakiitafuta hali fulani iliyokuwamo mwilini ambayo ilikuwa bado haina umbo. Katika kitabu chake *Focusing* (1978) aliligeuza jambo hilo kuwa mazoezi. Mtu hutulia, huiachia nafasi hisi nzima ya tatizo lake, hulitafuta neno au taswira ya kuishikia, kisha hulirudisha neno lile kwenye hisi na kuuliza kama linalingana. Lisipolingana, hulitupa na kutafuta jingine. Likilingana, mwili wenyewe hulegea na jambo husogea. Miaka kumi na sita baadaye Antonio Damasio (1994) alieleza hali ya wagonjwa waliojeruhiwa sehemu ya mbele ya ubongo, ambao akili zao zilikuwa timamu katika mitihani lakini walishindwa kuamua vyema mambo ya maisha yao. Maoni yake ni kuwa walikosa ishara za mwili ambazo humwelekeza mtu kabla hajamaliza kuhesabu faida na hasara.

Nadharia hizi zinatupa kipimo cha kutenganisha aina mbili za kauli za mwili. Ya kwanza tuiite kauli thibitishi. Msimulizi huandika: "Aliogopa sana, moyo ukamdunda." Hapa mwili hauna habari mpya, umeitwa kuthibitisha yaliyokwisha kusemwa. Riwaya pendwa zimejaa kauli hizi, na mhakiki akizipita haraka hana hatia. Ya pili tuiite kauli tangulizi. Msimulizi huandika: "Moyo ulimdunda. Hakujua kwa nini." Hapa mwili umefungua shauri ambalo akili haijaletewa. Msomaji huanza kungoja, na mhusika huwekwa kwenye mtihani. Zikiwekwa zote mbili katika kapu moja la tashihisi, tofauti hii hupotea.

Mwili Usiosikilizwa: *Rosa Mistika* na *Kichwamaji*

Mwaka 1974 Kezilahabi alichapisha vitabu viwili, riwaya ya *Kichwamaji* na diwani ya *Kichomi*. Mwaka mmoja nyuma Abdilatif Abdalla alikuwa ametoa *Sauti ya Dhiki*, ambamo limo shairi liitwalo "Jipu". Kichwa kilichojaa maji, maumivu yachomayo kifuani, na uvimbe ulioiva. Katika muda wa miaka miwili, washairi na waandishi wawili waliotofautiana karibu katika kila jambo waliyapa maandishi yao majina ya maradhi. Uhakiki wetu haukulitilia maanani jambo hili. *Kichomi* ilipotoka, mjadala uliozuka ulihusu vina na mizani: je, shairi lisilo na arudhi ni shairi? Wanajadi na wanamapinduzi walilumbana kwa miaka. Kwamba diwani yenyewe ilijiita kwa jina la maumivu, na kwamba mwenye kichomi hulazimika kuvuta pumzi kwa uangalifu, kidogo kidogo, hilo halikuwashughulisha sana wapiganaji wa pande zote mbili.

Tuanze na *Rosa Mistika* (1971). Rosa analelewa Ukerewe na baba, Zakaria, ambaye ulinzi wake juu ya binti zake ni wa mkono na fimbo. Barua ya mvulana inatosha kumletea Rosa kipigo. Wahakiki wameshalieleza vyema suala la malezi katika riwaya hii, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Tunaongeza hili tu. Kipigo hakimfunzi Rosa kutofautisha hisi moja na nyingine. Kinamfunza kwamba kila mtikisiko wa mwili wake unapomwelekea mwanamume ni hatari isiyo na majina wala daraja. Haya, shauku, woga, upweke na haja ya kupendwa vyote vimefungwa katika furushi moja na kutiwa muhuri wa mwiko. Anapotoka nyumbani na kuingia shuleni na chuoni, furushi linafunguka lote kwa pamoja. Inasemwa mara nyingi kwamba Rosa aliponzwa na kutojua mambo ya dunia. Sisi tunasema pia kwamba aliponzwa na kutojua mambo ya mwili wake mwenyewe, si kwa maana ya elimu ya uzazi peke yake, bali kwa maana ya kukosa kumtambua anayebisha hodi ndani. Mtu aliyekatazwa kusikia hawezi kutazamiwa kusikiliza. Riwaya hii ilipopigwa marufuku mashuleni nchini Tanzania, kosa la Zakaria lilirudiwa na taasisi nzima: mwili ulikuwa umetajwa, na jibu lilikuwa kuufunga mdomo.

Katika *Kichwamaji* suala hili limewekwa wazi zaidi. Kazimoto, msimulizi wa nafsi ya kwanza, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na hana upungufu wa fikra. Anawaza juu ya Mungu, juu ya maana ya maisha, juu ya wazazi wasiomwelewa na ambao yeye hawaelewi. Ndiyo maana wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama kazi ya udhanaishi, na usomaji huo una mashiko. Lakini tazama jinsi Kazimoto anavyojijua. Manase amempachika mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na kisa hicho kinaishia katika kifo cha Rukia. Kazimoto anapomwendea Sabina, dada yake Manase, anajiambia kwamba anatafuta kisasi. Ana hoja kamili, yenye mwanzo na mwisho. Hatimaye anajikuta akimpenda na kumwoa. Tukiliuliza swali letu hapa, tunagundua kwamba msimulizi mwenye akili nyingi kuliko wenzake kijijini alikuwa wa mwisho kupata habari za moyo wake. Alikuwa na maelezo kabla hajapata hisi ya kuielezea. Gendlin angesema kwamba alilitafuta neno bila ya kulirudisha ndani kuuliza kama linalingana.

Na mwili usiposikilizwa ukiwa unanong'ona, husubiri zamu yake ya kupiga kelele. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ugonjwa ambao Manase na Kazimoto waliuokota katika maisha yao ya anasa unajitokeza kwa kizazi kinachofuata: mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na mtoto wa Kazimoto naye anazaliwa hivyo hivyo. Kazimoto anajiua. Jina la riwaya limefasiriwa kama kejeli kwa wasomi, watu wenye vichwa vilivyojaa elimu isiyo na manufaa, na tafsiri hiyo ni sahihi. Ila tusisahau kwamba kichwamaji ni kichwa kilichovimba kwa hasara ya mwili uliosalia. Riwaya imewapa wasomi wake ugonjwa unaolingana na kosa lao. Kila kitu kilipelekwa kichwani, na kichwa hakikuweza kukibeba.

Kwa mtazamo huu, msiba wa Kazimoto hautokani na wingi wa maswali ya kifalsafa. Unatokana na kutumia maswali hayo kama njia ya kukwepa maswali madogo yaliyokuwa karibu zaidi. Ninasikia nini ninapokaa na baba yangu na kukosa la kusema? Ninasikia nini ninapomwona Sabina? Haya si maswali mepesi kuliko lile la kuwepo kwa Mungu, na mwanachuo, awe wa wakati ule au wa leo, si hodari wa kuyauliza.

Mwili Uliosikilizwa: "Jipu" na Kituo cha Shairi

Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi *Kenya: Twendapi?* alichokiandika mwaka 1968. Alikaa gerezani hadi 1972, na sehemu kubwa ya kifungo hicho alikuwa ametengwa na wafungwa wengine. Mashairi ya *Sauti ya Dhiki* aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mtu wa hali hiyo hana magazeti, hana baraza, hana wa kushauriana naye. Alichobakiwa nacho ni kumbukumbu, lugha, na mwili unaouma.

"Jipu" limezoeleka kusomwa kama fumbo la kisiasa: jipu ni dhuluma, uchungu wake ni mateso ya wananchi, na kutumbuka kwake ni ukombozi unaongojewa. Hatuna nia ya kuipinga tafsiri hiyo, kwani mazingira ya utunzi yanaidai. Tunachopinga ni haraka ya kuifikia. Darasani, jipu hutumbuliwa kabla halijaiva. Mwanafunzi husoma kichwa cha shairi, huandika "jipu = serikali dhalimu", na kuanzia hapo hasikii tena uchungu wowote. Ilhali nguvu ya fumbo lenyewe imo katika tabia ya jipu kama jipu. Jipu haliwezi kupuuzwa, kwa kuwa kila mwendo wa mwili hulikumbusha. Haliwezi kuharakishwa pia, kwa kuwa likibanwa kabla ya wakati huzidi. Mwenye jipu hulazimika kujifunza lilipofikia: limeanza, limejaa, limeiva. Hiyo ni elimu ya kusikiliza, nayo ndiyo elimu anayoihitaji mwenye kuingoja haki bila ya kukata tamaa na bila ya kujidanganya. Mshairi ameufahamu uchungu wa nchi kwa kuufahamu kwanza uchungu ulio mahali pamoja, wenye mpaka, unaoweza kuguswa kwa kidole. Ukiondoa mwili, siasa ya shairi inabaki kaulimbiu.

Tungependa kwenda mbele kidogo na kudai kwamba arudhi ya Kiswahili, ambayo Abdilatif aliishika kikamilifu, ni chombo cha usikilizaji wa aina hii. Mstari wa mwisho wa ubeti tunauita kituo, na kituo ni mahali pa kusimama. Msafiri hutua mzigo kituoni akapima umbali aliokwenda. Katika mashairi ambayo kituo hurudiwa kama kibwagizo, neno lile lile hurudi baada ya kila ubeti. Mara nyingi tumewaambia wanafunzi kwamba marudio hayo ni ya kusisitiza ujumbe au kuleta mahadhi. Je, si pia namna ya kupima? Mshairi analileta neno, anaondoka nalo katika mishororo mitatu, kisha analirudisha pale pale: bado linalingana? Kibwagizo cha ubeti wa mwisho kina sauti ile ile ya kibwagizo cha ubeti wa kwanza, lakini kimebeba kila kilichopita katikati, na msikilizaji huhisi tofauti hiyo hata kama hawezi kuitaja. Hatua ambayo Gendlin aliieleza kwa lugha ya kitaalamu, ya kulirudisha neno kwenye hisi, ina mwenziwe katika ushairi wetu tangu zamani. Mshairi aliyeusemesha moyo wake, akaukanya au kuutuliza, hakuwa akicheza tu na tashihisi. Alikuwa akifanya kazi.

Utunzi wa Kezilahabi usiofuata arudhi haukosi jambo hili, umelihamisha tu. Kituo kisichokuwepo kwa kanuni kinatafutwa katika kukatika kwa mstari, mahali ambapo pumzi inagoma. Kwa kipimo cha usikilizaji, basi, wanajadi na wanamapinduzi wa miaka ya 1970 walikuwa karibu zaidi kuliko walivyodhani.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenzetu wanaoisoma fasihi kwa mkabala wa kijamii. Watasema kwamba kumgeuza mhusika ajitazame ndani ni kumwondoa katika historia, na kwamba mwenye njaa hahitaji kuisikiliza njaa bali kupata chakula. Hoja hii ni ya haki, na anayeisahau ataishia kuwafunza wanyonge ustadi wa kuvumilia. Lakini mfano wa mfungwa wa Kamiti na Shimo la Tewa unatuonya dhidi ya kuyatenga mambo haya mawili. Utawala wa mabavu huanza kwa kuwafunza watu kutosikia: kucheka wasichokichekelea, kupiga makofi ilhali matumbo yamewashika. Anayejua kwa hakika kwamba anaumia, na wapi, ni mgumu kudanganywa.

Pingamizi la pili ni kuwa tumeazima nadharia ya wageni na kuivisha kanzu. Tunakiri kwamba tumewataja James, Gendlin na Damasio. Hata hivyo, ushahidi wetu wa msingi ni kitenzi "kusikia", ambacho hawakukiunda wao. Aidha, waliokulia pwani wanajua kwamba katika uganga wa pepo mwili unaougua haunyamazishwi. Ngoma hupigwa, kilichomo hupanda kichwani, huulizwa jina lake na haja yake. Mtu anaweza kukataa imani hiyo yote na bado akautambua utaratibu wake: maumivu yasiyo na jina hupewa nafasi, huulizwa, na hungojewa mpaka yajitaje.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote. Mwili huweza kukosea. Machale yamewahi kumcheza mtu dhidi ya jirani asiye na hatia, na chuki nyingi hujitambulisha kama hisi ya tumbo. Tunakubali. Ndiyo maana tumesema kusikiliza, si kutii. Anayemsikiliza shahidi hajafunga kesi; anampa nafasi ya kusema, kisha anamhoji. Zakaria naye alitii hisi zake kila alipoinua fimbo. Ambacho hakukifanya ni kuziuliza zilikotoka.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kauli za mwili katika fasihi ya Kiswahili hazistahili kuishia katika orodha ya tamathali. Lugha yetu humweka mtu mbele ya mwili wake kama msikilizaji. Riwaya za Kezilahabi tulizozitaja zinaonyesha gharama ya kutosikiliza, kwa binti aliyekatazwa na kwa msomi aliyejikataza. Shairi la Abdilatif Abdalla linaonyesha kwamba usikilizaji huo hauna ugomvi na siasa, na umbo la ubeti wetu lina nafasi iliyoandaliwa kwa ajili yake.

Tunapendekeza kwamba mwanafunzi anapokutana na kauli ya mwili aulize mambo matatu. Kauli hii inathibitisha, au inatangulia? Nani ameisikiliza: mhusika, msimulizi, au msomaji peke yake? Na jina lililopewa hisi ile, je, linalingana nayo, au limevishwa kwa haraka? Uwanja wa kuyajaribu maswali haya ni mpana, hasa katika tendi na nyimbo za wanawake ambazo hatukuweza kuzigusa hapa.

Mwanafunzi aliyeuliza swali lile alikwisha kuhitimu, na jibu hili limemchelewea. Tunakumbuka kwamba darasa lilipocheka, mwalimu alihisi joto likimpanda usoni kabla hajauchukua ufutio. Wakati ule aliliita joto hilo kero, kwa kuwa kipindi kilikuwa kimeingiliwa. Sasa anafahamu kwamba ilikuwa haya ya mtu aliyeulizwa ukweli naye hana jibu. Laiti angesimama pale kidogo, huenda somo la siku ile lingeanzia hapo.